Mimi, Mkwe Wangu na Bahari ya Ukutani

Majina yote ninayo. Naweza kukutajia jina la kila mtu aliyepita katika habari hii, la baba yake, la ng'ombe wao, na lile la utani alilopewa akiwa mtoto na ambalo angependa lisahaulike. Lakini hapa nitamwandika mkwe wangu, mume wa binti yangu, na kwetu Ukambani mama mkwe hataji jina la mkwewe, wala mkwe hataji la mama mkwe. Sasa nikificha la mmoja na kutaja ya wengine, huyo mmoja ataonekana kama mwizi. Basi nimeyaficha yote. Wenyewe wakisomewa watajijua, na wakikasirika, shauri yao.

Nyumba yetu iko pale mji wa Machakos unapoanza kupanda mlima. Ukutani, katikati ya sebule na chumba cha kulia, kuna bahari. Sisemi picha ya bahari. Nasema bahari.

Mzee wangu alifanya kazi Pwani miaka mingi, kwa tajiri mmoja aliyefuga samaki wa baharini ndani ya nyumba, katika sanduku kubwa la kioo. Tajiri alipohama aliwaambia wafanyakazi wake kila mtu achague kitu. Mpishi akachukua jokofu. Mlinzi akachukua kitanda na godoro lake. Huyu wangu akachukua kioo. Mimi nilikuwa nimesimama barabarani nangoja lori, nimeshawaambia majirani kwamba tunaletewa jokofu, nikaona wanashusha kioo, mawe, na mitungi ya maji ambayo huwezi kunywa, huwezi kupikia, na ukimpa ng'ombe anakuangalia vibaya.

Akatoboa ukuta, akakipachika kile kioo hapo, ukaweza kuona samaki ukiwa sebuleni au ukiwa unakula. Nilinuna mwezi mzima. Halafu taa zikawaka, mawe yakaanza kufunguka vidole vya rangi, na nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, ugali unaungua. Watu walikuja kutoka Kalama kwa miguu kutazama. Mchungaji wetu akija kuombea chakula alikuwa anafungua jicho moja.

Kilichoharibu ni macho. Mzee alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili, dunia ikawa moshi. Alikuwa hajui kama ameshawalisha samaki, kwa hivyo anawalisha tena. Chakula kikaoza. Halafu ukaja mwaka ule wa mgao wa stima, pampu zikawa zinanyamaza kutwa nzima, na samaki wakafa mmoja mmoja, wale wazuri kwanza. Nywele za kijani zikaota juu ya mawe, ndefu kama za msichana anayetoka saluni. Kioo nacho kikawa kijani mpaka ukawa huoni kidole chako ndani yake. Mimi nikashona vitambaa viwili vya uzi, nikafunika huku na huku, na wageni wakaacha kuuliza.

Ilikaa hivyo miaka. Halafu mzee akaitwa hospitali ya macho, akaambiwa ajiandae, atapasuliwa. Siku hiyo, tukila, akasema, "Nimeongea na mwenye buchari. Akija atachukua hii kioo, aonyeshee nyama."

"Bure?"

"Atatupatia kichwa cha mbuzi kila Jumamosi mpaka kufa."

"Mpaka nani afe?"

"Hatukufika hapo." Akatafuna kidogo. "Nikitoka hospitali na macho mapya, sitaki kitu cha kwanza nione kiwe kinamasi. Wacha iende."

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeingia chini ya kitambaa, unapapasa kioo, taratibu, kama unavyopapasa shingo ya ng'ombe uliyemuuza. Nikauona. Baada ya chakula nikainua kitambaa nione hicho kinachoenda buchari. Kitu cheusi kikaja mbio kutoka kwenye ukijani, kikagonga kioo mbele ya pua yangu. Samaki. Mdogo kama kisanduku cha kiberiti, mweusi tititi, na doa jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa anaishi humo peke yake miaka yote hiyo, amekasirika.

Hapo nikaamua. Mzee akirudi ataona bahari yake. Na kama haitakuwa bahari, basi itakuwa maini na matumbo, na yeye atakaa kiti chake akiangalia shimo kwenye ukuta.

Mtu mmoja tu alijua kazi hiyo, naye ni huyo mkwe. Kazi yake Pwani ni kupiga mbizi na kushika samaki wa mapambo. Nikampigia binti yangu simu. Akacheka mpaka nikafikiri laini imekatika.

"Mama, na nthoni je?"

Nthoni ni adabu yetu ya wakwe. Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, hamshiki mkono, haongei naye ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Mimi ni mtu wa kanisa, na kanisani wanasema hayo ni ya zamani, lakini adabu haina uzamani. Huyo mkwe alikuwa amemwoa binti yangu kitambo, wana watoto, na mimi nilikuwa namjua kwa viatu tu. Viatu vizuri, sikatai.

"Nthoni iko sawa," nikamwambia. "Yeye atafanya kazi sebuleni. Mimi nitakuwa chumba cha kulia. Katikati kuna kioo kilicho kijani kuliko sukuma wiki. Hata akitaka kuniona hawezi."

Mzee tukamwambia mkwe anakuja kutengeneza mifereji ya mabati, maana ni kweli ilikuwa inavuja. Akafurahi. "Huyo kijana ana heshima," akasema, akahamishia kiti chake nje kwenye jua, na redio yake.

Mkwe akafika na pikapu, imejaa mitungi ya maji ya bahari. Akaanza kazi. Tatizo likawa kuongea. Binti yangu hakuja naye, yuko na kazi kiwandani Athi River, na mtu wa katikati hakuna. Lakini kulikuwa na paka, amelala juu ya meza yangu.

"Paka," nikasikia sauti ng'ambo ya ukuta, sauti nzito, ya adabu, "kwa hii nyumba kuna ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni?"

Nikamjibu, "Paka, mwambie anayeuliza kwamba hii ni nyumba ya mwanamke. Kila ndoo imeona sabuni."

"Basi, paka, kuna sufuria?"

Mzee akaita kutoka nje, "Mama watoto! Unaongea na nani?"

"Na paka."

"Anasemaje?"

"Anataka sufuria."

Redio ikanguruma kidogo. "Mpatie," mzee akasema.

Jioni jirani yetu, mama mmoja tunayepakana naye kwa ua wa minyaa, alikuja kumjulia hali. Nilikuwa dirishani, nikamsikia mzee akimwambia polepole, "Mke wangu ameanza kuongea na paka. Hiyo si kitu, ni uzee. Lakini paka anamjibu na sauti ya mwanamume."

Jirani huyo ana yake pia. Ilikuwa kiangazi. Mtoni tulikuwa tunachimba mchanga mpaka kiunoni kupata kikombe cha maji, na kwangu barazani kuna mitungi imejipanga, imejaa mpaka mdomoni. Hakuniuliza. Angeuliza ningemwambia. Asubuhi moja nikakuta mtungi mmoja haupo, na yeye nikamkuta kwenye ua, midomo imebana.

"Mumeamkaje, jirani?"

"Salama." Akameza mate. "Hiyo maji yenu munatoa wapi?"

"Kwani umeionaje?"

"Sijaiona! Nauliza tu."

"Mzee wako mzima?"

"Mzima. Ameamka mapema akaenda kwa dada yake. Anasema atakunywa chai huko."

Nikamwambia pole, na kwamba nasikia siku hizi kuna watu wanatia chumvi kwenye chai, ni dawa nzuri ya koo. Aliniangalia vile mbuzi anamwangalia mwenye kisu. Nyuma yake, kwenye kamba, nguo nyeupe za kanisani alizosuuza na maji hayo zilikuwa zimekauka wima kama mbao.

Kazi ikaendelea. Mkwe alitoa maji machafu kidogo kidogo, akatia mapya. Alikuwa na kijiti cha kioo kinachoelea majini kuonyesha kiasi cha chumvi, sawa na kile wanunuzi wa maziwa wanachotumbukiza kwenye mkebe wako kuona kama umetia maji. Alikwangua kioo cha upande wake kwa wembe. Cha upande wangu, paka akaambiwa, kitaachwa mwisho. Nikakubali haraka. Ukijani ule ndio uliokuwa pazia letu.

Mzee akapelekwa hospitali na mtoto wetu wa kiume. Mwenye buchari alipopata habari akaja na utepe wa fundi nguo, akapima kioo huku na huku, hakujali kilichomo. "Hapa utakaa ulimi," akasema. "Hapa maini. Mama, si utapendeza?" Nikampa chai, ya sukari, akaenda.

Siku moja kabla mzee hajarudi ndipo nilipoleta balaa. Mkwe alikuwa amerudi alfajiri kutoka Pwani na samaki wapya kwenye pikapu, ametoa mawe yote, ameyaweka jikoni kwenye beseni za maji ya bahari, anayasugua na mswaki, moja moja, kama meno ya mtoto. Yule samaki mweusi alikuwa ndani ya ndoo na pampu ndogo, anatukana. Mkwe akatoka kwenda kuchukua kitu kwenye pikapu. Mimi nikaingia jikoni kwangu, nikayaona yale mawe.

Sikiliza. Mimi nilizaliwa na mama aliyesugua sufuria kwa mchanga wa mto mpaka unaweza kuchana nywele ukijiangalia kwa kitako chake. Sisi tulipimwa kwa vyombo. Binti ambaye chungu chake kina masizi hata mgane hamtaki. Na hapa jikoni kwangu kuna mawe ya kahawia, yana utelezi, yana uchafu kwenye kila tundu, na mtu mzima amekaa kuyabembeleza na mswaki. Nikasema moyoni, mwanamume hajui kuosha. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, konzi mbili. Nikachukua steelwuli ya kusugulia sufuria. Nikanyanyua lile jiwe kubwa kuliko yote, ambalo mzee mwenyewe alilipakata kutoka Pwani, nikalileta juu ya povu.

"Mama! Hapana! Utaliua!"

Na mkono ukanishika mkono.

Nikageuka. Nikamwona. Yeye naye akaniona. Uso kwa uso, karibu hivi. Ana mwanya na ndevu kidogo kidevuni, na masikio ya kusimama ambayo wajukuu zangu wote wanayo na ambayo kwa miaka yote nilikuwa nalaumu ukoo wa mzee wangu.

"Aiya," akasema, kwa sauti ndogo.

Jiwe likaanguka, namshukuru Mungu, kwenye beseni la bahari. Nikajifunika leso kichwa kizima. Viatu vyake nikavisikia vinakimbia. Aliacha pikapu wazi.

Alikimbilia wapi? Kwa jirani, ng'ambo ya ua. Na kutoka huko akatuma neno kwamba amemshika mama mkwe kwa mkono wake na hawezi kukanyaga hiyo nyumba mpaka jambo litengenezwe. Nikampigia simu binti yangu. "Mama, msamehe tu arudi kazini," akasema. Watoto wa siku hizi. Kusamehe ni kazi ya kanisa. Nthoni ikivunjika, mkwe anatoa mbuzi au blanketi, na mwanamke mzima anasimama kati yenu kushuhudia. Baada ya hapo mko huru, mnaongea kama watu. Bila hivyo, kila mtu na kichaka chake. Na mimi nilikuwa na mawe kwenye beseni, samaki kwenye ndoo, kioo kitupu ukutani, na mzee anarudi kesho.

Mwanamke mzima aliyekuwa karibu ni yule wa chai. Nikamwita kwenye ua.

"Mkwe wangu yuko kwako."

"Yuko. Anatetemeka. Nimempa maji." Akaninyooshea kidole. "Ya kununua."

"Mwambie siku ya soko bado, mbuzi sitadai. Atoe blanketi."

Akaenda, akarudi. "Anasema ako na blanketi moja tu kwa gari. Ile imefunika sanduku la samaki wapya njia nzima."

"Imelowa?"

"Imelowa na inanuka Pwani yote."

"Ilete."

"Ngoja kwanza," akasema, na hapo nikajua nimechagua shahidi mwenye kisirani. "Hiyo blanketi ni mbaya. Mama mkwe mzima hafunikwi na tambara. Aongeze paketi ya majani chai na sukari."

"Za nani?"

"Za shahidi."

Mkwe akakubali. Angekubali hata ng'ombe. Jirani akaja na lile blanketi, akanifunika mabegani mbele ya mlango wa jikoni, jua likiwaka, maji yananitiririka mgongoni mpaka kwenye viatu. Mkwe amesimama mbali, ameinamisha kichwa. Jirani akakohoa kama chifu.

"Blanketi imefika. Huyu sasa ni mtoto wako kama wale wengine. Muite." Akamgeukia mkwe. "Na wewe, kwa vile sasa munaongea, mwambie mama yako siku nyingine akiweka bahari barazani aseme ni bahari."

Nikamwita. Akaja. Nikampa mkono, naye akauchukua kwa mikono yote miwili, yangu inanuka samaki na yake pia.

Tukaingia kazini. Na hapo nikagundua kitu. Yule kijana niliyemdhania mpole anaongea! Alikuwa ameweka maneno ya miaka yote ya ndoa. Aliniambia jina la kila samaki, tabia yake, anamwogopa nani. Aliniambia kwa nini jiwe halioshwi: ule uchafu ni viumbe, wamo humo kwenye matundu kama watu kwenye vyumba vya kupanga, ndio wanaosafisha maji, na sabuni ingewamaliza wote. Aliniambia kwamba maji yakipungua tusiongeze ya kisima, tuongeze ya mvua, ndiyo maana mifereji alikuwa ameitengeneza vizuri kweli. Nikamwambia nyamaza ule. Akala muthokoi wangu, mahindi ya kukoboa na maharagwe, mbele yangu, mara ya kwanza, akaongea na mdomo umejaa.

Mwisho tukakwangua kioo cha upande wangu. Ukijani ukaondoka vipande vipande, na kutoka meza ya kulia nikaona sebule yangu yote ng'ambo, kiti cha mzee na kalenda. Mawe yakarudi. Mweusi akarudi, akazunguka mipaka yake yote kwanza, akaniuma kidole. Kwenye sanduku kulikuwa na wawili wa rangi ya chungwa, wana mistari myeupe, na tumbawe moja lenye vidole vya zambarau. Taa zikawaka.

Mzee aliingia kesho yake, mchana, ameshikwa mkono na mtoto wetu, amevaa miwani nyeusi. Mlangoni akasimama.

"Nasikia pampu," akasema.

Mimi na mkwe tulikuwa chumba cha kulia, tunachungulia kupitia maji. Akakaa kwenye kiti chake. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, yanalia yenyewe, lakini yalikuwa yanaenda mahali, yanafuata kitu. Sikuwa nimeyaona yakifuata kitu kwa muda mrefu. Yakamfuata mweusi. Yakawafuata wale wa chungwa. Halafu yakasimama.

"Nyinyi wawili! Muko chumba kimoja?"

"Blanketi imelipwa," nikasema kupitia shimo la ukutani, juu ya maji.

Akafikiri. "Kwa hivyo paka ndiye huyo?"

Mkwe akasema, "Ndiyo, baba."

Tulikuwa bado tunacheka mwenye buchari alipobisha hodi, na wanaume wawili na magunia ya kufungia kioo. Mzee akasimama, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, bila kushikwa.

"Mzee, pole na macho. Tumekuja kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Kioo. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kioo. Ingia uangalie kama unaona kioo."

Mwenye buchari akaingia, akainama. Mweusi akamjia mbio puani, mtu mzima akaruka nyuma akamkanyaga mwenzake. Wakacheka. Halafu wakabaki. Magunia wakayaweka chini. "Huyu anakula nini?" mwenye buchari akauliza, na mzee wangu, ambaye kwa miaka akiulizwa habari za samaki alikuwa hajibu kitu zaidi ya "mm", akavuta kiti na kuanza kumweleza, na maelezo yakaenda mpaka chai ikanyweka mara mbili. Kichwa cha mbuzi tulikosa. Mzee alijaribu kukiomba hata hivyo, kama kiingilio.

Walipoondoka akaja chumba cha kulia, akanitazama mimi sasa, karibu, kwa muda.

"Kumbe umezeeka," akasema.

"Wewe hujajiona."

Akaguna. Akageukia maji tena, akainamisha kichwa upande mmoja, nikaona uso wake unakunjamana.

"Lile jiwe kubwa lilikaa kushoto. Nani ameliweka kulia?"

Ni mimi niliyemsumbua kijana wa watu aliweke kulia, ili nikipakua chakula lisinizuie kuona samaki. Mkwe akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Ni mimi, baba," akasema, akakunja mkono wa shati, akautumbukiza tena majini.